Wifi Yangu Dobi Mbele ya Kamati ya Ruzuku

Wifi yangu ni dobi. Jina lake la kuzaliwa nalisikia hospitali tu, siku wanapoita wagonjwa kwa foleni, na hata yeye mwenyewe huchelewa kuitika. Mtaani ni Dobi, dukani ni Dobi, na mimi nikiwa na hasira naye namwita Dobi kwa sauti ya juu kidogo. Aliolewa na kaka yangu, kaka akafariki, nyumba ikabaki, yeye akabaki ndani ya nyumba, nami nikabaki ndani ya nyumba pamoja naye. Anayejua mambo ya mawifi hahitaji kuelezwa zaidi. Tukiamka bila kugombana, ujue mmoja wetu anaumwa.

Chumba cha mbele ndicho duka. Kuna meza mbili ndefu zilizotandikwa mablanketi yenye alama za kuungua, pasi ya umeme, pasi ya mkaa ya siku umeme unapokatika, ndoo ya wanga, na kamba inayotoka ukuta hadi ukuta ikiwa na mashati ya watu. Ukiingia lazima uiname. Dobi haanzi na mgongo wa shati kama wanavyofanya wanaojifunza kazi. Anaanza na kola, upande wa ndani kwanza, kisha mabega, kisha mikono, na mgongo anaupitisha pasi mwishoni kabisa, haraka haraka.

"Kola ndiyo uso," husema. "Mgongo nani anauangalia?"

Na ndivyo alivyo mwenyewe. Mdomo wake ni mkarimu, mkono wake ni wa birika. Mbele ya mgeni Dobi hana wapangaji, ana watoto. "Huyu wa chumba cha kati mwanangu, na yule fundi redio mwanangu, wote hawa nawalea mimi." Mgeni akishatoka, wapangaji wanarudi kuwa wapangaji, na asiyefunga bomba vizuri anasemwa mpaka jirani wa tatu anasikia. Simsemi vibaya. Nyumba ina paa linalovuja na yeye ni mjane. Asipobana tutalala nje, na mimi nitakuwa wa kwanza. Ila ningependa walau siku moja abane na mdomo.

Yeye na kaka hawakujaliwa mtoto. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mimi na yeye hatutaniani.

Basi kulikuwa na binti katika chumba cha nyuma. Tulimwita Kimya, kwa sababu mwezi wake wa kwanza hatukujua kama ana sauti. Alikuja akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, mkoba wa shule mgongoni na beseni mkononi, akauliza kama kuna kazi ya jioni. Wazazi wake wako hai, tena mji huu huu. Waliachana. Baba ni karani kwenye ghala la saruji, ana mshahara na mke mwingine. Mama naye ameolewa upande wa pili wa mji, katika nyumba iliyojaa watoto wa mume. Baba akiulizwa, alisema binti yuko kwa mama yake. Mama akiulizwa, alisema binti yuko kwa baba yake. Wote wawili waliridhika na jibu hilo, na binti akawa hayuko kwa yeyote. Mpaka leo nikiwafikiria watu wale wawili, chai inanikaa kooni.

Dobi alimpa vitambaa vya mkono na foronya za kupiga pasi, akamtazama mikono yake kwa siku chache, kisha akampa chumba cha nyuma tulichokuwa tukiweka mkaa. Kimya alikisugua mwenyewe mpaka sakafu ikaonekana ina rangi. Kodi ilikatwa kwenye ujira wake. Alipika mwenyewe kwenye jiko dogo nje ya mlango, alinunua madaftari yake mwenyewe, na siku alipounguza shati la mteja alililipa mwenyewe. Aliamka kabla yetu, akapiga pasi sare za wahudumu wa hoteli, akaenda shule, akarudi, akashika pasi tena. Alimaliza sekondari hivyo hivyo, na matokeo yake yakawa mazuri kuliko ya watoto wengi wa mtaani kwetu wenye baba na mama sebuleni. Tangu siku za mwanzo alimwita wifi yangu Mama. Dobi hakuwahi kumwambia aache.

Chuo kikamkubali akasomee kutengeneza meno ya bandia. Mimi niliyekula chumvi nyingi na kubakiwa na meno machache ya kuilia, nilifurahi kuliko wote. Lakini ada ilikuwa mlima, na binti hakuwa na wa kumpandisha isipokuwa ruzuku ya wanafunzi.

Ruzuku hiyo ina mambo yake. Kwa kawaida wanaangalia kipato cha wazazi, na karani wa ghala la saruji machoni pao ni mtu mwenye uwezo, kwa hiyo mwanawe hapati. Lakini lipo fungu la vijana wanaoishi wenyewe, mbali na wazazi. Hao wanaangaliwa kwa kipato chao wenyewe, mradi wathibitishe kwamba wamejitegemea kwa miaka kadhaa: wanalipa kodi, wanajilisha, na hakuna mzazi wala mlezi anayewabeba. Ukiwa na mlezi, wanahesabu kipato cha mlezi. Mlezi mwenye nyumba na biashara anakufungia mlango sawasawa na baba mwenye mshahara.

Kimya alitueleza yote haya jioni moja pale dukani, kwa maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema kwa wakati mmoja. Bila ruzuku hakuna chuo, alisema, na nafasi ikipita imepita, inapewa mwingine. Mimi nilielewa nusu. Dobi alikuwa anahangaika na doa la wino kwenye mfuko wa shati la mteja mkorofi, akashika jambo moja tu, kwamba afisa wa ruzuku atakuja nyumbani kuangalia binti anavyoishi.

"Anakuja lini?"

"Wiki ijayo, Mama. Lakini cha muhimu, Mama, ni kwamba aone..."

"Nimekuelewa, mwanangu. Mgeni anakuja. Niachie mimi."

Mambo yaliharibikia hapo hapo, na hakuna aliyejua.

Siku yenyewe Dobi alimtuma Kimya hotelini mapema na furushi la sare, kisha akaniita twende chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na kitanda cha chuma chenye godoro jembamba, sanduku, vitabu juu ya meza aliyoiunga kwa mbao za makreti, ndoo moja na sufuria mbili. Pasafi, lakini patupu. Dobi alisimama mlangoni akashika kiuno.

"Wifi, mtu aje aone hivi? Atasema huyu mtoto ameokotwa."

"Si anakuja kuona anavyoishi?" nikamwambia.

"Aone anavyoishi, ndiyo. Asione anavyoaibika."

Godoro jembamba likatoka, likaingia la Dobi mwenyewe. Likaja pazia, likaja zulia, likaja kabati la fundi redio, lililobebwa na wanaume wawili waliokuwa wakitukana chini chini. Jirani akaleta chupa ya chai na vikombe vyenye maua. Mito ilikuwa yangu, na niliibeba mwenyewe, kwa hiyo sijitoi lawamani. Tulipomaliza, chumba kilikuwa kama cha bi harusi, na Dobi alikuwa anatabasamu peke yake.

Afisa alikuja. Mtu wa makamo, mpole, na koti lake lilikuwa limekunjamana kama lililolaliwa na ndama. Dobi hakumpa hata nafasi ya kumaliza salamu.

"Karibu sana, baba. Ila kwa dobi hakukaliwi na koti hilo. Vua."

"Hapana, mama, mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini. Vua."

Akavua. Akaonyeshwa chumba, akalipapasa pazia, akarudi dukani akapewa kiti na chai. Dobi alikuwa upande wa pili wa meza, pasi mkononi, koti la mtu mbele yake. Kimya akaingia wakati huo kutoka hotelini. Alikuwa ameshapita chumbani kwake kuweka mkoba, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosea nyumba.

"Vile vitu vyote ni vyake?" afisa akauliza.

"Vyake vyote," alisema Dobi. "Hapa hakosi kitu."

"Anakula wapi?"

"Kwangu, baba. Ale wapi tena?"

"Kodi ya chumba anakulipa kiasi gani?"

Dobi akaweka pasi chini kama aliyetukanwa. "Kodi? Nimtoze mtoto wangu kodi? Wewe una watoto?"

"Ninao."

"Unawatoza?"

Afisa akacheka, akaandika. Kimya akasogea hatua. "Mama, samahani, lakini..."

"Ngoja kwanza, mwanangu, wakubwa wanazungumza."

Akangoja. Alisimama pale na mikono mbele, akakisikiliza chuo chake kikienda na kila pigo la pasi. Mimi niliuona uso wake, nikafikiri ni haya ya mtoto anayesifiwa. Afisa akavaa koti lake lililonyooka, akashukuru, akatoka. Kimya akamfuata mbio mpaka barabarani, akazungumza naye kidogo, akarudi taratibu akaanza kupiga pasi foronya.

"Ulimkimbilia nini?" nikamwuliza.

"Nilimsindikiza tu, shangazi."

Jibu la ofisi lilipokuja, alilisoma akiwa amesimama, akaliweka mfukoni, akaendelea na kazi. Ni Dobi aliyemchokonoa.

"Vipi? Mbona umenuna? Wamesemaje?"

"Wamekataa, Mama. Wamesema nina mlezi."

Dobi akacheka kwa furaha kabisa, mwanamke yule. "Kwani uongo?"

"Ndiyo maana wamekataa."

Kisha akamweleza upya, pole pole, kama mtu anayemfungua mtoto kidole kilichobanwa mlangoni. Kwamba mlezi akiwepo, ruzuku haipo. Kwamba afisa ameandika mlezi ana nyumba, ana biashara, anamlisha na hamtozi chochote. Kwamba barabarani afisa alimwambia, binti, mimi naandika nilichokiona na nilichoambiwa, ukikataliwa kata rufaa. Dobi alikuwa amesimama. Akakaa juu ya furushi la nguo chafu.

"Na wewe ulikuwepo. Ulisikia yote. Mbona hukusema?"

"Nisemeje, Mama? Nikuambie muongo mbele ya mgeni, nyumbani kwako?"

Na kweli, hakuna mmoja wetu ambaye angependa kumwona mtoto akifanya hivyo.

Rufaa ilikuwa mbele ya kamati, na kamati ilitaka mashahidi wawili, mwenye nyumba na mtu mwingine anayeishi humo. Mwingine ndiye mimi. Mwenye nyumba akakataa.

"Nikaseme nini huko?"

"Ukweli tu, Mama. Kwamba nalipa kodi. Kwamba najipikia."

"Na kwamba wewe si mwanangu."

Kimya akainamisha kichwa. Akachukua ndoo akaenda kuteka maji yasiyohitajika.

Zikafuata siku mbaya. Dobi alipiga pasi kwa hasira mpaka vifungo vikakatika. Alikuwa akinijia jikoni na hoja moja ile ile. Mtaa mzima unajua kwamba analea. Wateja wanajua. Leo asimame ofisini, mbele ya watu wenye tai, aseme anamtoza mtoto kodi ya chumba cha mkaa na anamkata ujira? Habari zikirudi mtaani, uso atauweka wapi? Nilivumilia, nilivumilia, na mimi uvumilivu wangu ni mfupi.

"Uso!" nikamwambia. "Mwenzio anatafuta chuo, wewe unatafuta uso! Ukitaka kumsaidia sema yaliyopo. Mficha uchi hazai, wifi."

Lilinitoka. Ni methali ya kila siku, watu huitumia hata kumshauri mtu aende kwa daktari wa masikio. Lakini kwa mwanamke yule, ndani ya nyumba ile, haisemwi. Nilitamani niirudishe kinywani niitafune na meno niliyo nayo. Dobi aliinua pasi kutoka kwenye kola aliyokuwa anaipiga, akaisimamisha wima, akanitazama bila hasira.

"Umesema kweli, wifi. Sikuzaa. Ndiyo maana nilimtaka huyu."

Akanyunyizia kola maji, akaimalizia, akaigeuza. Kisha akaniuliza hiyo kamati inakaa lini.

Ofisi ya ruzuku iko kwenye jengo la ghorofa ambalo ngazi zake zimelika katikati kwa miguu ya watu. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na vijana wengine na jamaa zao, kila mmoja ameshika bahasha kifuani. Dobi alivaa gauni lake la kijani, limepigwa pasi mbele na nyuma. Kimya alikaa katikati yetu. Tulipoitwa, Dobi alipiga moyo konde akatangulia.

Nyuma ya meza walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mwenye miwani na sauti ya mwalimu. Kijana wa kuandika. Na afisa wetu, na lile koti, limeshakunjamana tena. Nilimwona Dobi akilitazama, mikono ikimwasha.

"Wewe ni nani kwa binti huyu?" mwenyekiti akamwuliza.

Dobi akanyoosha gauni lake magotini. "Mwenye nyumba wake."

"Afisa wetu ameandika kwamba ulisema ni mwanao."

"Nilisema, mheshimiwa."

"Sasa?"

"Nilitia chumvi."

"Chumvi kiasi gani?"

"Gunia."

Kijana wa kuandika akainama kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

"Kodi analipa?"

"Kila mwezi. Naikata mimi mwenyewe kwenye ujira wake, kabla hajaushika."

"Anakula kwako?"

"Anapika mwenyewe. Harufu naisikia, sufuria siijui."

"Na vitu ambavyo afisa aliviona chumbani?"

"Godoro langu, mheshimiwa. Kabati la fundi redio. Mito ya huyu wifi yangu hapa, na alinidai siku hiyo hiyo."

"Akiugua, nani anamhudumia?"

Hapo Dobi angeweza kupita juu juu, nani angejua? Alitazama ukingo wa meza.

"Mwaka jana aliugua homa," alisema. "Akalala humo chumbani. Dawa alijinunulia. Siku alizolala sikumlipa, kwa sababu hakufanya kazi. Nilimpelekea chai mara mbili, nikasimulia mtaa mzima kwamba nimeuguza."

Sikuwa najua hilo la ujira. Nilimgeukia, naye hakunitazama. Kimya alikuwa ameinamisha macho kwenye magoti yake, kama kwamba yeye ndiye anayeumbuliwa.

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na wewe unathibitisha?"

"Nathibitisha yote, mheshimiwa. Naishi humo. Wifi yangu ana mkono wa birika, akikupa kiberiti anahesabu njiti. Huyu mtoto amejilea."

Nyumbani ningelala njaa kwa maneno hayo. Pale Dobi alitikisa kichwa kukubali, hata akaniangalia kwa shukrani, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kaka yangu amlete nyumbani.

"Swali la mwisho," mwenyekiti akasema. "Kamati ikikataa rufaa hii, wewe mama utamsomesha?"

Ninamjua mwanamke huyu. Ungemwuliza swali hilo mbele ya mgeni siku nyingine yoyote, angesema atauza pasi, atauza nyumba, atauza na wifi. Nilimwona akifungua mdomo, na kwa kitambo kidogo sikujua ni Dobi yupi atakayetoka.

"Siwezi," alisema. "Nyumba yenyewe inavuja."

"Kuna mwingine wa kumsomesha?"

"Hana."

"Hana nini? Lazima tuandike."

"Hana mtu," Dobi akamwambia yule kijana wa kuandika. "Andika, mwanangu. Huyu binti hana mtu."

Kalamu ya yule kijana ilisikika. Ndipo Kimya alipoanza kulia. Alilia kama anavyofanya kila kitu, bila sauti, mabega tu, na machozi yakamdondokea kwenye sketi. Dobi alikuwa ameshainuka nusu, kitambaa kimeshatoka kwenye mkono wa gauni, mkono umeshanyooka. Akamwona afisa anamtazama. Mkono ukasimama hewani. Akarudi kitini taratibu, akaingiza mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia. Akatazama ukuta wa mbele. Mtoto analia pale karibu naye, bega kwa bega, na yeye amekalia mikono yake. Mimi nimezika wazazi na kaka, na bado sikumbuki kitu kilichonichoma kama kile. Nilitaka kumfuta machozi mimi, nikaogopa na mimi kuharibu.

Mwenyekiti alivua miwani, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akanong'ona na afisa. Afisa akaitikia kwa kichwa.

"Tumeridhika kwamba mwombaji anajitegemea," mwenyekiti akasema. "Ruzuku imepita. Binti, chukua maji pale mezani unywe."

Tulishukuru, tukatoka. Dobi hakumngoja Kimya. Alishuka ngazi mbele yetu peke yake, akapita kwa mlinzi, akashika barabara na mkoba wake kwapani, akitembea kama mama mwenye nyumba aliyekuja mjini kwa shughuli zake. Kimya alimfuata nyuma, mbali kidogo, bado anapangusa pua kwa kiganja. Mimi nilikuwa katikati na magoti yangu. Tukapita duka la vioo, tukapinda kona ya kwanza, na yeye haachi mwendo. Tukapinda ya pili.

"Wifi," akaniita bila kugeuka. "Angalia nyuma. Yale madirisha yao bado yanatuona?"

Nikageuka. Jengo lilikuwa limefichwa na benki na mabango.

"Hayatuoni."

Hapo akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanatupita huku na huku wakilalamika. Akageuka, akamngoja Kimya afike, akamshika kichwa kwa mkono mmoja kama anayeshika kola, na kwa mkono mwingine akamfuta uso wote na kitambaa, kwa nguvu, macho, mashavu na pua, huku naye machozi yanamtoka na hajali nani anaona.

"Basi, mwanangu, basi," alikuwa anasema kwa ukali. "Unalia njiani hivi, watu wasemeje? Kwamba huna mama?"